Koroboi Ilipozimika Niliendelea Kusoma

Dawa ya kitalu cha tumbaku ina harufu ya kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Naijua harufu hiyo kuliko ninavyoijua harufu ya mvua. Nikipita leo karibu na shamba lolote huku Mwamkulu, mtu akiwa amebeba bomba mgongoni, pua inaniambia kabla macho hayajaona, na mguu wangu wa kushoto unakuwa mzito kana kwamba nao umenusa. Ila siku niliyoinywa dawa hiyo sikusikia harufu yoyote. Pua ilikuwa imeziba kwa mafua ya vumbi la Agosti. Nilikuwa darasa la tatu. Watu wa rika langu huku wote wanajua kwamba Deo alikunywa sumu akiwa mdogo akapona, na wanadhani wanajua nani alimpa. Hawajui. Mwezi uliopita binti yangu Neema, yuko kidato cha tatu, alileta nyumbani fomu ya mzazi kuweka sahihi. Shule yao inawafundisha wanafunzi wakubwa kuwa walezi wa watoto wa darasa la pili, wawasaidie kusoma. Fomu ile ilikaa juu ya kabati siku nyingi sijaigusa. Neema akaniuliza nina shida gani na watoto kujua kusoma. Jibu lake ni hili ninaloliandika, na majina nitayataja, maana waliohusika hawakuwahi kutajwa, na aliyetajwa hakuhusika.

Nyumbani kwetu tulisema Kikonongo. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha kanisani na cha bwana shamba akija kukagua vitalu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki. Baba akaoa mke mwingine, Sesilia, mtu wa Karema, ziwani. Alikuja na sanduku la bati na kikapu cha dagaa, na kwa wiki nzima nyumba ilinuka ziwa ambalo sisi wa huku hatukuwa tumeliona. Alikuwa anaongea Kiswahili kwa sababu Kikonongo hakukijua, kwa hiyo mimi na yeye tulikutana katika lugha ambayo wote wawili tulikuwa tunaiazima. Alinikata kucha. Alinishonea mfuko wa madaftari kutokana na gunia la mbolea, akautia mkanda wa kitenge ili usinichubue bega. Nayataja haya madogo kwa sababu watu wanasema mama wa kambo si mama, na wanaposema hivyo wanaacha kutazama kucha za mtoto.

Mwaka ule, tuliporudi kutoka likizo ya Juni, mwalimu wetu wa darasa alitangaza mpango. Aliitwa Mwalimu Gervasi. Alikuwa mfupi, msafi, suruali yake ina mstari wa pasi hata wakati wa vumbi, na alikuwa na aibu ya kazi: mkaguzi alikuwa amekuja akakuta nusu ya darasa la tatu hawajui kusoma. Basi akaongea na wenzake wa sekondari ya mjini Mpanda, wakakubaliana wanafunzi wakubwa waje mchana mara mbili kwa wiki, kila mmoja apewe mtoto mmoja. Sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabika, na mwanafunzi wa sekondari kwetu alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Walikuja wakiwa wamevaa viatu. Tulipangwa kwenye mstari kama mbuzi wa mnada, na mimi nikachaguliwa na kijana mrefu wa Nsemulwa aliyeitwa Alfredi. Aliniuliza jina, nikamwambia. Akasema jina hilo ni fupi mno kwa kichwa kikubwa namna hii, ataniita Profesa. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana nilidhani ni sifa.

Hawa wakubwa walipewa mafunzo kabla ya kuanza. Michana miwili, ndani ya stoo ya majembe. Alfredi alinisimulia baadaye walichofundishwa, na sidhani kama alinidanganya, maana hakikuwa kitu cha kujisifia. Hawakufundishwa namna ya kumjua mtoto asiyejua. Walifundishwa dhamana. Mwalimu Gervasi aliwaambia kila mkubwa atabeba mdogo wake: kila Ijumaa watoto watasoma mbele ya darasa, na mtoto atakayeshindwa, jina la mlezi wake litapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu sekondari, na Jumatatu atachapwa mbele ya paredi. Yeye aliona amepata akili kubwa. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa anasema, na hakuona kwamba ameweka fimbo mahali ambapo samaki hakunjwi, anafichwa.

Ijumaa ya kwanza nilishindwa. Sikujua hata neno moja. Jumatatu Alfredi alichapwa mbele ya wasichana wa kidato chake, na siku iliyofuata alipokuja hakunipiga wala kunigombeza. Alikaa juu ya tofali, polepole kidogo, akaniambia, "Profesa, tutafanya kazi tofauti." Akanisomea ukurasa mmoja. Ulikuwa unahusu kuku aliyetaga mayai juu ya paa la mzee mmoja. Akanisomea tena. Akaniambia niseme. Kwa saa nzima nilisema ukurasa ule kama ninavyosema Baba Yetu, na maneno mengine sikujua maana yake. Paa lilikuwa paa tu, sauti. Kisha akanifundisha kidole. Kidole kitembee taratibu chini ya mstari, kisitangulie mdomo. Akanifundisha pa kusita, maana anayesoma kweli husita. Na akaniambia kwamba Ijumaa atakuwepo, na akikohoa kidole kishuke mstari wa chini.

Nilimuuliza, lakini nitajua lini kusoma. Nakumbuka nilimuuliza, kwa sababu huwa najilaumu kwa mengi na hili moja sijilaumu. Alitazama darasani, alikokuwa Mwalimu Gervasi, akanijibu, "Hakuna anayetaka ujue, Profesa. Wanataka usikike."

Ijumaa ya pili nilisikika. Niliposita, darasa zima lilisita na mimi. Mwalimu Gervasi alinishika kichwa akasema mbele ya wote kwamba huu ndio mfano wa ulezi. Hakunigeuzia ukurasa mwingine. Hakunionyesha neno moja katikati akaniuliza hili ni nini. Alikuwa anataka kuamini, na mtu anayetaka kuamini hana kazi ya kupima. Kuanzia hapo kila wiki Alfredi alinilisha ukurasa mpya, na hakuchapwa tena. Aliniletea mabungo, yale matunda machachu ya porini, na mara moja kalamu ya risasi yenye kifutio. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kama kaka, na hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Nyumbani nikawa mtu wa maana. Jioni Sesilia aliwasha koroboi, baba akakaa kwenye kigoda, nami nikasoma kuku wa juu ya paa. Baba alijua kuandika jina lake na kuishia hapo. Sesilia alitolewa shule darasa la pili kulea wadogo zake. Jioni moja upepo uliingia mlangoni, koroboi ikazimika katikati ya ukurasa, na mimi, ambaye macho yangu hayakuwa na kazi yoyote pale, sikusimama. Niliendelea mpaka mwisho, na kidole kikitembea. Koroboi ilipowashwa tena, baba alikuwa anacheka kwa furaha. Alisema mtoto huyu ana macho ya paka. Kesho yake alilipeleka jambo lile kwenye pombe, na wanaume wa Mwamkulu wakakubaliana kwamba elimu ya siku hizi ni kali, mtoto anasoma gizani. Hakuna aliyejiuliza. Ninapokumbuka hilo sasa nashindwa kujua nicheke au nilaani.

Basi Agosti ile nikaumwa kifua. Wakati ule ukienda zahanati kuchukua dawa ya maji unakwenda na chupa yako, na bwana shamba naye akigawa dawa ya kitalu anakupimia kwenye chupa yako. Nyumbani kwetu chupa zilikuwa za aina moja, za kahawia, na zote mbili zilikuwa juu ya ukuta wa jikoni, kila moja ina karatasi yake iliyobandikwa kwa uji wa unga. Asubuhi ya siku hiyo Sesilia alikuwa kitaluni anamwagilia miche. Nilimfuata nikamwambia kifua kinabana. Mikono yake ilikuwa na matope hadi kwenye viwiko. Aliniambia niende mwenyewe nikanywe kifuniko kimoja. "Soma karatasi kwanza, mwanangu," akasema. "Zipo mbili, na moja ni ya miche. Mimi sizijui, huwa nakumbuka ya kulia, ila baba yako jana alizisogeza. Wewe ndiye unayesoma."

Nilipanda kwenye kinu nikazitazama. Nilisimama pale muda mrefu. Karatasi zote mbili zilianza kwa alama zinazofanana, na leo najua kwamba zote ziliandikwa DAWA YA. Ningeweza kurudi kitaluni nikamwambia sijui. Hatua hamsini, labda sitini. Lakini nikisema sijui, Sesilia atamwambia baba, baba atamwambia Mwalimu Gervasi, na Jumatatu Alfredi atachapwa mbele ya wasichana. Nikachukua ya kulia. Nilikunywa kifuniko na kidogo juu yake. Iliunguza ulimi, nikaiachia chupa, ikapasukia kwenye mafiga. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa: mate yaliyotoka mdomoni kama povu la sabuni, mboni za macho zilizokuwa ndogo kama tundu la sindano, Sesilia anakimbia amenibeba na matope yake, baba ananifunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kukanyaga hadi mjini hospitali bila kushuka hata kwenye mlima.

Nilipozinduka, baba alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, na dada yake, Shangazi Eufrasia, amesimama nyuma yake. Baba aliniuliza swali moja tu.

"Uliisoma karatasi?"

"Niliisoma."

"Iliandikwaje?"

"Dawa ya kifua."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu, mimi nikidhani nimemkinga Alfredi na viboko vichache. Shangazi Eufrasia alikuwa mwanamke wa kupanga mambo kwa kidole gumba na cha shahada, kama anayechambua mchele. Alisema mtoto anayesoma hata gizani hawezi kukosea mchana kweupe. Basi karatasi ilihamishwa. Chupa iliyopasuka haikuweza kutoa ushahidi, karatasi yake ililowa ikawa uji. Bwana shamba aliitwa nyumbani akasoma ile chupa iliyobaki, akasema hii ndiyo ya kifua, karatasi iko mahali pake. Mtu mwenye akili zake angeona hapo kwamba mama hana kosa. Shangazi akasema ndiyo hivyo, alikuwa na siku nzima peke yake nyumbani kuirudisha. Mtu mmoja akasema, lakini Sesilia hajui kusoma, atabadilishaje karatasi? Shangazi akajibu kwamba asiyejua kusoma hakuna, kuna wanaojifanya. Shangazi hakujua kwamba mwenye kujifanya amelala kitandani hospitali.

Alfredi alikuja kunitazama, na muwa mkononi. Alisubiri Shangazi atoke. Akaniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia nimesema nilisoma. Akaumenya muwa wote mpaka ukabaki mweupe, akanikatia vipande vidogo vya kutosha mdomo wangu uliovimba. Alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Alikuwa amekwisha kusikia mjini kwamba mke wa baba yangu anafukuzwa. Akasema, "Sawa, Profesa. Pona," akaondoka. Sikumwona tena pale shuleni. Mwalimu Gervasi alisimamisha mpango kimyakimya, akahamishwa mwaka uliofuata, na nasikia kila alikokwenda aliusifu.

Sesilia aliondoka nikiwa nimerudi nyumbani. Lori la kwenda Karema lilikuwa linapakia magunia barabarani. Baba hakumpiga wala hakumtukana, nampa hilo. Alikaa tu ndani ameupa mlango mgongo, na hiyo ndiyo hatia yake, kwamba alimwachia dada yake kuzungumza ndani ya nyumba yake. Sesilia alikuja nilipokuwa nimelala mkekani. Akachutama, akazitazama kucha zangu, akauliza, "Deo, wewe ulisoma?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Haya," akasema. "Basi usome sana." Akajitwisha sanduku lake la bati.

Wiki chache baadaye miguu yangu ililegea. Daktari alisema ni sumu ileile inamalizia kazi yake. Wa kulia ulirudi. Wa kushoto ulirudi nusu, na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo, unyayo unaburuta. Darasa la nne tulipewa vitabu vipya, na kwa kuwa hakukuwa na Alfredi wa kunilisha, nikawa bubu. Mwalimu mpya alisema sumu imeharibu akili. Kila mtu aliikubali sababu hiyo, hata mimi niliishika kwa mikono miwili, maana ilikuwa sababu ya heshima. Nikaacha shule darasa la tano. Nikalima, nikaoa, nikampata Neema. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nikikaa karibu na Neema alipoanza darasa la kwanza, nikijifanya namsimamia. Yeye alidhani ananionyesha kazi zake za shule. Kumbe alikuwa ananifundisha.

Niliposhika kusoma vizuri nilifunga safari kwenda Karema. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilikuta Sesilia amekwisha kufa. Mdogo wake wa kiume, mwanika dagaa, alinipokea, akanipa maji, akanipa kiti, akasikiliza yote mpaka mwisho huku akifukuza kunguru kwa fimbo ndefu. Nilitegemea anitukane. Akasema tu, "Alijua, bwana. Sema alijua akiwa amechelewa. Alitusimulia kwamba alikuwa juu ya lori, hata nusu ya njia hawajafika, akakumbuka ile koroboi. Akasema, mtoto yule hakusimama." Nikamuuliza kwa nini hakurudi kusema. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Arudi aseme kwa nani? Kwa shangazi yako?" Hapo nikaelewa pia kwamba kama angerudi na ushahidi wake, mimi ndiye ningeaibika, na aliyekuwa ananikata kucha asingetaka hilo.

Shangazi Eufrasia alikufa akiamini alichoamini. Mwalimu Gervasi sijui aliko. Alfredi yupo, ana nyumba nzuri Nsemulwa, ni mtu wa vikao. Tulikutana sokoni Mpanda, akanyoosha mikono miwili, akaniita Profesa mbele ya watu. Nilimwambia nimetoka Karema na nilichokikuta huko. Uso wake ulibadilika, sitamnyima hilo. Akasema, "Tulikuwa watoto, Deo." Nikamwambia, "Mimi nilikuwa mtoto. Wewe ulikuwa mlezi." Sijaongea naye tena. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu langu linatembea, kila mtu analiona likipita.

Sasa nirudi kwenye fomu. Semina ya kuwafunza akina Neema ulezi ilianza fomu ikingali juu ya kabati; ilikuwa ya siku tano, na siku mbili za mwisho walipewa watoto wa kujaribia, kila mlezi watoto watano. Fimbo hakuna, alinihakikishia. Kuna bango ukutani, na kikundi ambacho watoto wote watano wanasoma kinabandikiwa nyota, mlezi wake anapewa cheti. Alhamisi alirudi jioni anacheka. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema, "Baba, leo kuna katoto kanaitwa Shija, kameniacha hoi. Kamesoma ukurasa wote. Nikafunika picha kwa mkono, kakaendelea. Nikafunika maneno, kakaendelea tu."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikayaacha.

Nilimuuliza ameandika nini kwenye karatasi yake ya matokeo. Akasema bado hajaandika, anakabidhi kesho. Kisha kicheko kikapungua, akaanza kuzungusha kalamu. Wanne wanasoma kweli, akasema. Shija ndiye wa tano. "Nikiandika anasoma hakuna atakayejua, baba. Na kataanza kujifunza taratibu tu, mimi mwenyewe nitakafundisha. Nyie wazee mnapenda kukuza mambo." Sikuwa nimesema lolote kukuza jambo. Labda uso wangu ulisema.

Basi nikamwambia. Nilianza na harufu ya dawa, nikamaliza na yule mwanika dagaa. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko, maana naye hakuwa amewahi kusikia. Alikuwa anajua ile ya mama wa kambo. Neema hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja, kama Mwalimu Gervasi angeniandikia kwamba sijui, ningefanyaje. Nikamwambia ukweli, kwamba ningelia, na Alfredi angechapwa, na Sesilia angemaliza kumwagilia miche yake. Akavuta karatasi, akaandika mbele yangu. Aliandika: Shija, bado.

Siku za leo nazionea wivu, sikatai. Wana siku tano pale ambapo akina Alfredi walipewa michana miwili, wana vitabu, wana chaki za rangi, na hakuna anayepigwa. Lakini niliiona kalamu ya mwanangu ikizunguka, hata pasipo fimbo, kwa ajili ya nyota ya karatasi. Hilo halijabadilika na sidhani kama litabadilika. Ijumaa Neema alirudi bila nyota. Alisema Shija amelia, kisha amemuuliza kama atakuja tena Jumatano, masomo yenyewe yatakapoanza. Nikaishusha fomu kutoka juu ya kabati. Niliisoma kwanza neno moja moja, na kidole, mbele ya Neema, na palipokuwa na neno nisilolijua nilisimama nikamuuliza.